Kidimbwi cha uani: shajara ya ujenzi

Jumapili, karatasi kwanza

Ukubwa umeshaamuliwa, na aliyeuamua ni ukuta. Kati ya ukuta wa nyuma na kamba za kuanikia nguo panaingia umbo la yai lenye urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.6. Nikizidisha hapo, kila anayekwenda kuanua nguo atapita ubavuubavu.

Ninachokitafuta hasa ni sauti. Maji ya kutazama hujileta yenyewe. Ya kusikiliza lazima yapangwe. Ndiyo maana mchoro wangu hauanzii kwenye shimo. Unaanzia kwenye mdomo, yaani ukingo wa jiwe ambao maji yatautoka kabla ya kuanguka. Upana wa mdomo unaamua kiasi cha maji, kiasi hicho kinaamua pampu, pampu inaamua mpira na waya, na kimo cha mdomo ndicho kitakachoamua sauti. Shimo ni la kupokelea tu. Nimeona vidimbwi vilivyobuniwa kinyume chake: shimo zuri, mawe mazuri, pampu ya kwanza iliyopatikana, na mwisho wa yote sauti kama ya tangi la choo linalojaa.

Sauti ya maji yanayoanguka, kwa sehemu kubwa, si ya maji kupiga maji. Ni ya mapovu ya hewa yanayonaswa chini ya uso na kutetemeka. Mwanafizikia Marcel Minnaert aliliandikia jambo hili mwaka 1933 na akatoa hesabu ambayo mpaka leo inatumika: povu dogo hulia juu, povu kubwa hulia chini. Povu ambalo nusu ya kipenyo chake ni milimita 1 hulia karibu na hezi 3,260, yaani mitetemo 3,260 kwa sekunde. La milimita 3 hushuka hadi kama hezi 1,090. La sentimita 1 nzima linafika hezi 326 au karibu na hapo. Tafsiri yake kwa fundi wa uani ni nyepesi: maji machache yanayoanguka kutoka karibu hutoa mapovu madogo na sauti nyembamba ya kuchangamka, maji mengi kutoka juu huburuta hewa nyingi na kutoa mvumo.

Nyuma ya ukuta kuna barabara, na wapo walioniambia kidimbwi kitaizima kelele yake. Hakitaizima. Mngurumo wa lori uko chini kabisa kwenye ngazi ya sauti, na maporomoko ya kimo cha goti hayafiki huko. Kinachowezekana ni kulipatia sikio kitu kingine, cha karibu zaidi, cha kushughulika nacho.

Jumatatu jioni, jaribio la ndoo

Kabla ya kununua chochote: beseni pana lililojaa maji, matofali ya kupandishia, vipande vya mawe na bati, na mtungi wa kumiminia. Mtu mmoja anamimina, mwingine anakaa kwenye kiti pale kidimbwi kitakaposikilizwa, mgongo ukiwa umegeuzwa ili macho yasimdanganye.

Kimo cha sentimita 15: sauti nzuri, lakini ukiondoka hatua chache imekwisha. Sentimita 45: inasikika mpaka mlangoni, na matone yanaruka nje ya beseni pande zote. Sentimita 30 ndiyo iliyokubaliwa na wote wawili bila kubishana. Jambo ambalo sikulitarajia ni kina cha beseni. Maji yakiangukia kina cha vidole vitatu, sauti ni kali na kavu. Yakiangukia kina cha kiganja na zaidi, inakuwa na mwili. Kuweka jiwe bapa chini ya uso kidogo, pale maji yanapotua, kunaibadilisha tena. Hiyo ni funguo ya kurekebishia sauti baadaye bila kubomoa kitu, nimeiandika kwa herufi kubwa.

Sasa upana. Kanuni ya mafundi wa maporomoko ni kwamba ili maji yatoke kama pazia lisilokatika, kila sentimita ya mdomo inahitaji takriban lita 150 kwa saa. Ukiridhika na michirizi, nusu yake inatosha.

Ujazo wa kidimbwi: tabaka la juu, lenye kina cha sentimita 25 hadi kwenye ngazi ya mimea (kidato cha ndani cha kuwekea mimea), lina eneo la kama mita 3 za mraba, hivyo ni lita 750. Chini ya ngazi umbo linapungua hadi mita 1.8 kwa 1, kina cha sentimita 35 zaidi, karibu lita 495. Jumla 1,245. Nikitoa mteremko wa kuta na pembe zilizozungushwa, nahesabu lita 1,200.

Inapendeza maji yote yapite kwenye pampu mara moja kila saa au kila saa mbili. Lita 1,200 kwa saa zikigawanywa kwa 150 zinanipa mdomo wa sentimita 8. Kwenye mchoro wa kwanza nilikuwa nimechora jiwe la sentimita 30, kwa sababu karatasini linapendeza. Jiwe hilo lingetaka lita 4,500 kwa saa: kidimbwi kizima kuzungushwa karibu mara nne kila saa, uso wote ukichemka. Sentimita 8 basi. Jiwe lenyewe laweza kuwa pana. Njia ya maji juu yake ndiyo itakayobanwa.

Alhambra, kasri la kale kule Granada, Hispania, huja akilini kila ninapoona watu wanaweka pampu ya kumwagilia shamba kwenye beseni. Ua wa Simba ndani yake ulijengwa karne ya 14, hakukuwa na pampu, maji yaliletwa kwa mfereji kutoka mto Darro na kusukumwa na mteremko tu. Mifereji ya sakafuni ni myembamba. Hakuna anayetoka pale akilalamika kwamba maji yalikuwa machache.

Jumanne, pampu

Kosa la kawaida kwenye vibao vya pampu si la mtengenezaji, ni la msomaji. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni ya pampu isiyonyanyua maji popote. Kadiri kimo kinavyoongezeka, kiasi kinapungua, na kwenye kimo cha mwisho pampu inazunguka huku maji yamesimama ndani ya mpira. Kinachotakiwa kusomwa ni mchoro wa mstari unaoshuka, ambao kwa kawaida uko kwenye karatasi ya ndani ambayo watu huitupa.

Kimo hupimwa kutoka kwenye uso wa maji, si kutoka pampu ilipolala. Maji yaliyo juu ya pampu yanaisaidia kwa uzito uleule inaoubeba. Kwangu ni sentimita 35 kutoka usoni hadi kwenye beseni dogo la juu. Nimeongeza 25 za msuguano: mpira, viwiko, na sponji ya chujio itakapoanza kuziba. Jumla sentimita 60. Pampu ya lita 2,000 yenye kimo cha mwisho cha mita 2 inanipa kama lita 1,400 hapo, na valvu itapunguza zilizobaki.

Mpira wa ndani ya milimita 25, si 19. Kwa kiasi kilekile cha maji, ule mwembamba una msuguano karibu mara nne. Tofauti ya bei ni ndogo na mpira ukishafukiwa haubadilishwi tena.

Pampu inakula wati 25. Kazi halisi ya kunyanyua lita 1,200 kwa saa hadi sentimita 60 ni kama wati 2 tu. Nyingine zote zinaishia kwenye joto na mizunguko. Mchana na usiku kwa mwezi ni yuniti 18 za umeme. Nimekubali, ila swichi ya saa itaizima usiku wa manane mpaka alfajiri kwa sasa, maana hakuna samaki wa kupungukiwa hewa.

Jumatano

Mahali. Jua la asubuhi hadi saa saba, kivuli cha ukuta baadaye. Yungiyungi anataka jua kwa muda wa saa nne hadi sita kila siku, la sivyo atatoa majani bila maua. Hakuna mti juu. Majani yanayooza majini ni chakula cha mwani. Si bondeni mwa ua pia. Watu hupenda kuchimba pale maji ya mvua yanapotuama, wakidhani asili imeshawachagulia, kumbe hapo ndipo matope na mbolea ya bustani vitakapoingia, na maji ya ardhini yakipanda yatalisukuma turubai, ule mpira wa kutandika shimoni ili lishike maji, lipande juu.

Alhamisi, mama mdogo

Mama mdogo alipita kusalimia, akaona kamba na vigingi, akasimama.

"Mwanangu, hapa unachimba nini?"

"Kidimbwi, mama. Cha maji ya kuporomoka."

"Na hawa wajukuu zangu wanaokuja hapa kucheza?"

Sikuwa na la kubisha. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache. Kina cha kidimbwi hakina maana kwake. Njia ya kwanza ni kuacha kabisa maji ya wazi: shimo linajazwa mawe, maji yanajificha katikati yake, yanapanda na kuporomoka na kutoweka. Ni ubunifu mzuri na ningewashauri wengi waanze nao. Gharama yake ni ujazo, kwa kuwa mawe yanakula zaidi ya nusu ya shimo. Maji hubaki na asilimia 40 tu au pungufu. Lita zangu 1,200 zingekuwa 480, na hakuna yungiyungi.

Njia ya pili, niliyoichagua: wavu mzito wa chuma kisichoshika kutu, matundu ya sentimita 8, ukilala juu kidogo ya uso wa maji na kushikiliwa na mawe ya ukingo pande zote. Usizamishwe. Wavu uliozama sentimita kumi ni pambo, haumkingi mtu. Lazima ubebe uzito wa mtu mzima aliyesimama katikati. Majani yanapenya, mwanga unapenya. Mama mdogo akasema ataupanda mwenyewe siku utakapowekwa, na sidhani kama alikuwa anatania.

Jumamosi, shimo

Udongo wa juu, ule mweusi, umewekwa kando kwa bustani. Wa chini ni mgumu, sururu ndiyo iliyofanya kazi, sepetu ilizoa tu. Kuta zina mteremko kidogo ili zisibomoke, na upande mmoja una njia ya mawe inayopanda taratibu. Chura, mjusi au ndege akiingia apate pa kutokea.

Sehemu iliyotuchukulia muda haionekani hata kwenye picha: usawa wa ukingo. Maji hayana upendeleo. Upande mmoja wa shimo ukiwa chini kwa sentimita 3, upande wa pili utaonyesha sentimita 3 za turubai jeusi milele, na hakuna kiasi cha maji kitakachoificha. Pima maji ya kawaida juu ya ubao mrefu inakaribia, lakini mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila povu hata moja, ni bora. Fundi anashika ncha moja kwenye kigingi cha kwanza, mimi natembea na nyingine kutoka kigingi hadi kigingi. Maji ya ncha zote mbili yakitulia, hapo ni usawa, hakuna mjadala.

"Punguza hapo kidole kimoja, kaka."

"Fundi, kidole chako au changu?"

Ukingo mzima umeinuliwa sentimita 7 juu ya ardhi inayouzunguka, mvua isiingize matope. Mvua ya milimita 50 itapandisha uso kwa sentimita 5 hata bila tone kutoka uani. Kwa hiyo upande wa bustani kuna bomba la kutolea maji ya ziada, la milimita 50, mdomo wake ukiwa na wavu, linakwenda kwenye shimo la kokoto chini ya migomba. Kila muundo wa maji unahitaji kujibu maji yaende wapi yakizidi, na jibu liwe limefukiwa kabla ya mawe kupangwa juu.

Jumapili, turubai

Hesabu ni urefu, kuongeza kina mara mbili, kuongeza sentimita 30 kila upande. 2.4 + 1.2 + 0.6 ni mita 4.2. Kwa upana, 1.6 + 1.2 + 0.6 ni 3.4. Ngazi na mikunjo haziongezi kitu, kwa sababu turubai likishuka ngazi linasafiri umbali uleule wa kwenda chini na wa kwenda kando.

Nimechukua turubai la EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, unene wa milimita 1. Unanyumbulika, unavumilia jua, na kipande hiki kina uzito wa kama kilo 17, watu wawili wanatosha. Kabla ya kuutandika tuliuanika juani ukalainika. Chini yake: mchanga wa sentimita 5 sakafuni, zulia kuukuu kuanzia sakafu hadi ukingoni. Nilipitisha kiganja kila mahali kabla ya zulia kuwekwa. Lita 1,200 ni zaidi ya tani moja, na jiwe dogo lenye ncha chini ya tani moja halihitaji haraka.

Kujaza ni polepole. Maji yanalivuta turubai lishike umbo, na mtu aliye ndani bila viatu anapanga mikunjo: ni afadhali mikunjo miwili mikubwa kuliko kumi midogo. Usikate pembeni mpaka lijae. Hata likijaa, usikate bado. Tutalala usiku mmoja kwanza.

Jumanne, umeme

Kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa, mimi nilishika tochi. Swichi ya usalama inakata umeme mkondo ukivuja kufikia miliampea 30. Waya uko ndani ya bomba, umefukiwa, na kabla ya kuingia kwenye soketi unaning'inia chini kidogo kisha kupanda, ili tone linalotembea juu ya waya lidondokee pale badala ya kuingia ndani. Pampu ya volti 24 yenye transfoma ni chaguo la utulivu zaidi na ndiyo niliyonunua.

Alhamisi, maporomoko

Beseni la juu ni la lita 20, limefichwa na mawe. Mpira unamwagia juu ya uso wa maji yake, haukuzamishwa. Ukizamishwa, pampu ikizimwa maji yatajivuta yenyewe kurudi chini kupitia mpira mpaka beseni lote litoke.

Mawe yameshikizwa kwa saruji kidogo, na saruji mbichi hutoa chokaa inayopandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) hadi maji yawe ya kuunguza mimea na samaki. Tumeiacha ikomae, tukaiosha, na maji ya kwanza yatamwagwa.

Jumamosi, maji yanaporomoka

Kipimo cha kiasi: ndoo ya lita 10 chini ya mdomo, saa mkononi. Lita 1,200 kwa saa zinaijaza ndoo kwa sekunde 30. Ilijaa kwa 26. Nikabana valvu.

Sauti iko, lakini pazia halikuwepo. Maji yalifika ukingoni mwa jiwe, yakajikunja chini yake, yakatambaa kwa nyuma ukutani. Ni tabia ileile ya chai kufuata shingo ya buli badala ya kuingia kikombeni: maji yakienda polepole, hushikamana na uso uliopinda. Kuna dawa mbili, kuongeza kasi au kuyanyima pa kushika. Kuongeza kasi kungerudisha hesabu yote nyuma. Kwa hiyo tumekata mfuo upande wa chini wa jiwe, sentimita 2 kutoka ukingoni, kina cha milimita 5 hivi. Maji yakifika kwenye mfuo hayawezi kupanda kuingia ndani yake, yanadondoka. Ukingo wenyewe tumeunoa uwe na pembe kali. Pazia likatokea mara moja, jembamba, lenye sentimita 8 kasoro kidogo.

Kisha jiwe bapa chini ya uso. Tulilisogeza, tukakaa, tukalisogeza tena. Likiwa chini ya pazia moja kwa moja sauti inakuwa kavu mno. Likiwa nusu ndani, nusu nje, mapovu makubwa yanatoka upande mmoja na madogo upande wa pili, na sauti inakuwa na tabaka mbili. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza ni redio gani. Nimelishikiza hapohapo.

Jumatatu, maji yanapungua

Uso umeshuka sentimita 2 tangu jana. Kabla ya kumtafuta mchawi, ndoo.

Ndoo imewekwa juu ya ngazi ya mimea, imejazwa mpaka usawa wake wa ndani ulingane na wa kidimbwi, alama zimechorwa zote mbili. Jua lilelile, upepo uleule. Baada ya siku moja: ndoo milimita 6, kidimbwi 20. Pampu ikazimwa, jaribio likarudiwa: ndoo 6, kidimbwi 6 au 7. Basi turubai ni zima. Milimita 6 juu ya mita 3 za mraba ni lita 18 za mvuke kwa siku, hiyo ni kodi ya jua na haina rufaa. Zilizobaki, kama lita 40, zinaondoka pampu ikiwa inazunguka tu, maana yake njiani.

Nikakaa na tochi usiku, mwanga ukipita sambamba na ardhi. Matone madogo upande wa kulia, yakirushwa na upepo kwenye udongo mkavu. Jiwe moja limesogezwa pale kama ngao. Halafu kona ambapo udongo ulikuwa umegusa pembe ya turubai na kuyanyonya maji taratibu, kama utambi. Udongo umeondolewa, kokoto zimewekwa, pembe imesimamishwa wima nyuma ya jiwe. Leo tofauti kati ya ndoo na kidimbwi ni milimita 2. Naishi nayo.

Ijumaa, mimea

Yungiyungi mmoja wa aina ndogo, kwenye chungu kipana chenye udongo mzito wa mfinyanzi, kokoto juu. Mbolea ya samadi hapana, itayeyuka na kulisha mwani. Yuko mwisho wa mbali kabisa na maporomoko. Vitundu vya kupumulia vya majani yake viko upande wa juu, na jani linalonyeshewa mchana kutwa linaoza. Mafunjo mafupi juu ya ngazi. Matete nimeyakataa, mizizi yake inatoboa. Gugu maji, lile lenye maua ya zambarau lililotoka bonde la Amazon, hata ukipewa bure usilikubali. Linaongezeka maradufu kwa wiki moja au mbili penye joto, na kipande kimoja kikibebwa na mvua hadi mtoni umeanzisha tatizo la watu wengine.

Jumatano, kijani

Maji yamekuwa kijani, kama ilivyotarajiwa. Mwani wa chembe mojamoja unakula virutubisho ambavyo mimea bado haijawa na nguvu ya kuvichukua. Watu hubadilisha maji yote hapa, na wanaleta virutubisho vipya vya bomba, na kijani kinaanza upya. Mimi sifanyi kitu. Majani yakishafunika nusu ya uso hadi theluthi mbili, mwani utakosa mwanga.

Jumapili, mbu

Swali la kila mgeni. Mbu hataki maji yanayotikisika, lakini kona ya nyuma ya mafunjo haitikisiki, na penye joto safari ya yai hadi mbu mzima ni kama siku saba hadi kumi. Naangalia kona hizo kwa kikombe cheupe. Viluwiluwi wanaoning'inia kichwa chini wakipumua kwa mrija ni wa jamii za Culex au Aedes. Wanaolala sambamba na uso ni wa Anopheles, mbu wa malaria. Nimepata wachache wa aina ya kwanza.

Dawa ninayotumia ni bakteria Bti, waliogunduliwa mwaka 1976 kwenye jangwa la Negev. Sumu yao huamka ndani ya tumbo la kiluwiluwi wa mbu na wa wadudu wachache walio jamaa zake. Chura na samaki haiwadhuru. Nimegeuza pia mdomo wa pili mdogo wa pampu uelekee ile kona, uso ucheze kidogo. Samaki wa Gambusia, ambao watu huwasifia kwa kazi hii, siwaweki. Wanakula mayai ya chura, na wakitoroka hawarudishiki.

Jumamosi, samaki bado

Wajukuu wa mama mdogo wanauliza samaki lini. Jibu liko kwenye chupa za vipimo. Kinyesi cha samaki hutoa amonia. Bakteria wa kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa kundi la pili huigeuza kuwa nitrati, ambayo mimea hula. Makundi haya huhitaji wiki nne hadi sita kujenga makazi kwenye mawe na sponji. Nimekuwa nikiwalisha amonia kidogo kidogo. Leo amonia ni sifuri, nitriti bado ina rangi. Zikiwa sifuri zote mbili, mfululizo, wataingia samaki watatu wadogo, na pampu itaacha kuzimwa usiku.

Maji ya kujazia nayalaza kwenye pipa kwanza, klorini iruke. Kesho ni zamu ya kuosha sponji, na nitaiosha kwenye ndoo ya maji ya kidimbwi chenyewe. Nikiisukuma chini ya bomba, klorini itawaua bakteria na hesabu ya wiki itaanza upya.